Kutu Kwenye Mishipa ya Baba

Kitale,
23 Aprili 2006

Ndugu yangu Hesbon,

Mulembe. Nilifika Jumatatu ya Pasaka nikiwa nimelowa chapachapa. Mahindi yetu ya kwanza yameota vizuri, na palizi itanikuta katikati ya kusahihisha mitihani kama kila mwaka. Mume wangu Kiptum anakusalimu. Goti lake bado linatabiri mvua kuliko redio.

Salamu zimetosha. Siku ya Pasaka, nikiwa huko kwenu, nilikwenda kuchota majivu ya kumwaga chooni. Ndani ya debe nikakuta vidonge vya presha vya baba, vya mwezi mzima, havijaguswa. Na juu ya kabati lake zimesimama chupa nne zenye picha ya komamanga na maandishi ya dhahabu. Sikusema neno mezani kwa sababu baba alikuwa akiombea chakula. Nasema sasa.

Baba ana miaka sabini na minne. Mjomba Wabwile alikuwa na presha hiihii, akaacha dawa hivihivi, akaanguka kwenye mtaro wa miwa jembe likiwa mkononi. Wewe ndiye uliyemfumba macho, Hesbon. Umesahau? Nani alimwambia baba aache vidonge? Na hizo chupa zimetoka kwa nani, kama si kwako?

Ile mashine ya kupimia presha nimekuachia makusudi. Kwa kuwa mkeo Jentrix, kwa mila yetu, hawezi kumshika mkwewe mkono, wewe mwenyewe utamfunga mzee, Jumatano na Jumapili, kabla ya uji. Niandikie hesabu kama zilivyo, bila kuzipamba.

Na usinipigie simu. Kwenye simu wewe hukata kila ninapofika penye ukweli, halafu unasingizia mtandao.

Dada yako,
Rispah


Bungoma,
9 Mei 2006

Kwa Dada, Mwalimu Rispah,

Tunaendelea vizuri, ila yule ng'ombe mwekundu ameharibu mimba. Jentrix anashona sare za shule mpaka vidole vinamuuma. Baba ameuliza kama bado unagombana na mwalimu mkuu wako. Nikamwambia jua likiacha kuchomoza, ataacha. Alicheka mpaka akakohoa.

Barua yako ilifika ikiwa moto. Namshangaa karani wa posta hakuungua. Unanishtaki, unanihukumu, halafu ndipo unaniuliza swali. Haya, sikiliza.

Baba aliacha vidonge mwenyewe. Ulijua? Hukuuliza. Mwezi wa Januari tulimzika Mzee Wekoye, na asubuhi ya kumuse, yale mawaidha ya matanga, baba alikaa mstari wa mbele na marika yake. Unajua mzee wa kumuse anaponena hakuna anayeinuka, hakuna anayekatiza mbele yake. Kile kidonge cheupe cha kutoa maji kilimbana. Alivumilia, akavumilia. Alilowa, dada. Mbele ya watu wote. Alirudi nyumbani koti amelifunga kiunoni, na tangu siku hiyo hakugusa kidonge. Ulitaka nimshike pua nimmezeshe?

Ndipo nikamletea antioksidanti. Ndiyo, nauza mimi. Tangu kiwanda kitupunguze nimejaribu kuku, nimejaribu mabati, na hukuwahi kuandika barua juu ya kuku. Ukiuza maarifa unaitwa mwalimu, nikiuza afya naitwa tapeli? Kwenye semina yetu ukumbi wa kanisa, daktari kutoka Nairobi alipasua parachichi. Nusu akalipaka ndimu, nusu akaliacha. Tulipomaliza chai, lililoachwa lilikuwa jeusi kama masizi, na la ndimu ni kijani vilevile. Akasema, "Hivyo ndivyo mishipa ya mwenye presha inavyoshika kutu kwa ndani. Hii antioksidanti ndiyo ndimu yake." Wewe umesoma, mimi nimeona.

Hesabu za Jumapili: 178 kwa 104. Bado ziko juu, lakini daktari alisema mwili hutapika sumu kwanza.

Jambo lingine. Kadi ya kliniki ya baba haimo tena ndani ya Biblia yake. Umeichukua?

Ni mimi,
Hesbon


Kitale,
28 Mei 2006

Hesbon,

Mulembe kwenu. Nasikitika kuhusu ng'ombe. Huku mbolea imeadimika na walimu tunatishia mgomo; nimeandika kwa mhariri wa gazeti, safari hii wamenichapa bila kunikata.

Daktari! Alisomea wapi? Aliwahi kumpima nani zaidi ya parachichi? Parachichi halina moyo, Hesbon. Mshipa wa damu si tunda wala si bomba la chuma lishike kutu. Ni nyama hai. Kwa ndani una utando mwembamba unaotoa hewa kidogo sana, na hewa hiyo ndiyo inayouambia mshipa ulegee damu ipite. Presha ikikaa juu miaka mingi utando unachubuka, na kemikali kali za mwili huila ile hewa kabla haijafanya kazi. Hapo ndipo antioksidanti ina maana, na hapo muuzaji wako hakudanganya. Ndivyo uongo mkubwa unavyotembea, umeshikwa mkono na ukweli mdogo.

Aliyokuficha ni haya. Watafiti waliwapa watu maelfu na maelfu vidonge vya vitamini za aina hiyo kwa miaka, na wengine maelfu wakapewa vidonge bandia bila kujua. Walipohesabu waliopata kiharusi, pande zote zilikuwa sawa. Managu, sukuma, nyanya, maharagwe, na chumvi kidogo kwenye sufuria, hivyo husaidia, na umevipanda nyuma ya nyumba bila chapa ya dhahabu. Lakini hata managu hayawezi kusimama peke yake mbele ya 178.

Habari ya kumuse sikuijua. Imeniuma.

Basi, sitagombana tena juu ya chupa. Mpe, hazitamuua. Nimemtuma Kipruto, dereva wa lori la mahindi, alete unga wa wimbi wa uji wa baba. Mfuko nimeushona mdomo. Mpe Jentrix aufungue mwenyewe, mna vitambaa vyake ndani. Na uji wa baba aupike yeye, si mtu mwingine. Ana mkono mzuri.

Rispah


Bungoma,
2 Julai 2006

Dada mpendwa,

Leo salamu zangu zinacheza ngoma! Mungu yupo na antioksidanti zipo!

Andika kwenye daftari lako, Mwalimu: tarehe 14 Juni, 156 kwa 94. Tarehe 25, 144 kwa 88. Leo asubuhi, 138 kwa 84. Nimempima mara tatu nikidhani mashine imelewa. Miguu iliyokuwa imevimba imenywea. Na sumu inatoka, dada, naiona: kabla ya saa nne baba ameshakwenda chooni mara nne! Sasa ukiniambia kutu haitoki, nitakuuliza inayotoka ni nini.

Kila asubuhi mimi mwenyewe ndiye mhudumu. Jentrix anakoroga uji, anauweka kizingitini kwenye kile kikombe cha bluu, maana hawezi kukaribia kiti cha mkwewe. Mimi naubeba, baba anakunywa, kisha nampa kidonge chake cha komamanga. Namwona mtu akifufuka mikononi mwangu.

Festus jirani amekuja kusoma hesabu hizi. Yeye pia ana presha, na amechoka na vidonge. Nimemwambia asubiri kidogo nimwagizie chupa.

Unga unakaribia kuisha. Tuma mwingine, baba anausifu.

Na kadi ya kliniki, hukunijibu.

Hesbon mshindi


Kitale,
20 Julai 2006

Ndugu yangu,

Nimefurahi baba ana nafuu. Unga mwingine umo kwa Kipruto, mpe Jentrix kama mara ya kwanza. Endelea kumpima.

Nakuomba neno moja tu. Usimwonyeshe Festus wala mtu mwingine hesabu za baba. Kila mwili una mambo yake. Festus asiache vidonge, nakuomba sana.

Kiptum anakusalimu.

Rispah


Bungoma,
27 Agosti 2006

Rispah,

Hatujambo, kama neno hilo bado lina maana. Mwaka huu ni wa tohara na ngoma zimelia kila kilima mpaka Chwele. Baba alibariki watoto wa Makokha akiwa amesimama wima. Ulipaswa kumwona.

Lakini barua yako ya mistari sita ilininyima usingizi. Dada yangu hugombana na redio. Hugombana na mahubiri. Mtu huyo anawezaje kusoma "antioksidanti zipo" akajibu "nimefurahi"? Nikajisemea, Hesbon, kuna kitu. Nikaanza kutazama nyumba yangu kama mgeni.

Jumanne alfajiri nilisimama nje ya dirisha la jikoni. Jentrix alikuwa na kile kinu kidogo cha pilipili, anasaga kitu cheupe. Akakimimina kwenye kikombe cha bluu. Si kwenye vikombe vya watoto, si changu. Cha baba peke yake. Akakoroga, akaonja kwa ncha ya kidole, akaweka kizingitini nije nibebe.

Unajua watu wa hapa jambo hilo wanaliitaje. Wanaliita kumlisha mtu, yaani sumu au uchawi.

Nikaingia. "Ni nini hicho?"

Akasema, "Muulize dada yako."

"Nakuuliza wewe! Unamlisha baba yangu nini?"

"Niliapa, baba watoto. Muulize aliyeniapisha."

"Kwa hiyo mko wawili?"

Alivua aproni akaikunja vizuri, kama mtu anayejua safari imefika. Kilichobaki kwenye kinu nilikimwaga shimoni. Mchana nikamrudisha kwao Kimilili. Kina mama wa kanisa wameshapata habari, usiniulize kwa mdomo wa nani. Uji wa baba sasa anapika binamu yetu Nabwile.

Wazee wa ukoo watakaa Septemba tarehe thelathini kusikiliza shauri lake. Wakisema amemlisha mzee, hatarudi hapa tena, na unajua watoto watabaki na jina gani. Kwa hiyo nakuuliza wewe, kama alivyosema. Nini kilikuwa kwenye kinu?

Hesbon


Kitale,
11 Septemba 2006

Ndugu yangu Hesbon,

Mulembe. Samahani kwa kuchelewa. Shule imefunguliwa na mwalimu mkuu amenipa madarasa mawili ya ziada kwa sababu ya ile barua ya gazetini. Mahindi yanakomaa, nyani wa Endebess wameanza kushuka. Kiptum amepata mafua.

Jentrix hawezi kumdhuru baba. Nakuhakikishia. Mrudishe nyumbani, msimwaibishe mtoto wa watu. Mengine si ya kuandikwa. Nitakuja tukifunga Novemba, tukae chini tuzungumze.

Hukuniandikia hesabu za presha safari hii. Ni ngapi? Tafadhali mpeleke baba kliniki wiki hii. Wiki hii, Hesbon.

Rispah


Bungoma, hospitalini,
25 Septemba 2006

Dada,

Naandika nikiwa kwenye benchi, karatasi iko juu ya goti.

Baba alianguka Ijumaa, saa tatu asubuhi, akitoka chooni. Mkono wa kulia haumtii na mdomo umeshuka upande. Anajaribu kuita jina langu na linatoka kama maji. Niliipigia simu shule yenu, bawabu akasema mwalimu yuko kwenye mitihani, nikajisemea hata ungeichukua ungenificha vilevile.

Daktari aliniuliza alikuwa akitumia dawa gani. Nikataja antioksidanti. Akaniuliza, "Na ya presha?" Nikasema aliacha tangu Januari, na hata hivyo Julai alikuwa 138. Akanitazama kama mtu anayetazama mlevi. "Januari mpaka Julai bila dawa, ashuke mwenyewe? Kuna mtu alikuwa anampa kitu, mzee. Ni nini?"

Jibu unalo wewe. Umekaa nalo mwezi mzima.

H.


Kitale,
28 Septemba 2006

Hesbon,

Kipruto atakukabidhi barua hii mkononi. Mimi nafika Jumamosi, lakini nataka itangulie, maana nikisimama mbele yako nitapiga kelele, na kelele ndiyo nyumba ninamojificha. Isomwe mbele ya wazee wote, neno kwa neno.

Kwenye kinu kulikuwa na vidonge vya presha vya baba. Vilevile vya kliniki, ambavyo mlivitupa kwenye majivu.

Kadi niliichukua mimi, kutoka ndani ya Biblia, siku ya Pasaka. Kila mwezi niliionyesha kliniki ya huku nikapewa dawa, nikazishona ndani ya mfuko wa wimbi, nikamtumia Jentrix. Alikataa mara mbili kwenye simu. Alisema, "Dada, mkwe simgusi hata kwa mkono, na wewe unataka nimwingie mpaka tumboni?" Nilimlazimisha. Nilimwapisha kwa jina la marehemu mama kwamba hatakuambia. Aliheshimu kiapo hata ulipomwita mchawi. Mimi niliyeapisha ndiye niliyekaa kimya.

Kwa hiyo 138 haikuwa ya komamanga. Chooni mara nne haikuwa sumu, ilikuwa kidonge cheupe cha maji. Na aliyempelekea baba dawa kila asubuhi ni wewe, kwa mikono yako miwili, ndani ya kikombe cha bluu. Nilipokuwa nasoma barua zako nilicheka, Hesbon. Mungu anisamehe, nilicheka. Kisha nikasoma habari za Festus na kicheko kikanikwama, maana ushahidi uliokuwa unauonyesha majirani niliutengeneza mimi. Mimi ninayewaandikia wahariri juu ya uongo wa wakubwa.

Natamani kusema kwamba Agosti ungeniuliza ningesema. Uliniuliza! Na nikakuandikia habari za nyani. Nilijua kila siku inayopita bila Jentrix jikoni ni siku ya baba bila dawa. Nilijua kuliko mtu yeyote katika ukoo huu, nafundisha somo hili Kidato cha Tatu. Lakini akilini nilimwona baba akiambiwa kwamba binti yake alimnywesha dawa kwa siri kama ndama, na nikamwona mwalimu mkuu akisikia, na wewe ukisema, "Kumbe hata Rispah." Nikaona Novemba si mbali.

Sikumwuliza baba kwa nini aliacha. Hata ulipoandika sababu, nilisema imeniuma, kisha nikampangia njama. Yeye ndiye mwenye mishipa.

Nikamateni mimi. Jentrix mrudisheni leo.

Rispah


Bungoma,
5 Novemba 2006

Dada Rispah,

Mulembe. Tumevuna maharagwe, magunia mawili na nusu. Watoto wamerudia kulala usiku kucha tangu mama yao arudi. Nilimwendea Kimilili na kondoo na wazee wawili, na mama yake alinikalisha juani kwa saa mbili kabla ya kunipa maji. Nilistahili. Jentrix ananipikia, lakini maneno ananipimia kwa kijiko.

Barua yako ilisomwa. Wewe ulikuwa umeketi pale, uliona nyuso zao, sina la kuongeza. Bali kuna langu ambalo sikusema siku ile, ulipokuwa unalia.

Siku chache baada ya Jentrix kuondoka, mashine ilisoma 164. Kisha 180. Jumatano, siku mbili kabla baba hajaanguka, ilisoma 196 kwa 112. Nilibadilisha betri mara mbili, Rispah. Nilijua betri ni nzima. Ndiyo maana hukuona hesabu kwenye barua. Kwa hiyo usibebe gunia lote peke yako, ukaringa nalo kama unavyoringa na kila kitu.

Festus nilimwendea mwenyewe. Alikuwa ameacha vidonge wiki tatu. Alinitukana matusi ambayo hata wewe huyajui, kisha akapanda baiskeli kwenda kliniki. Chupa zilizobaki nimezirudisha. Parachichi tunakula na managu, chumvi kidogo, kama ulivyohubiri.

Siku ya kutoka hospitali daktari alimwuliza baba kwa nini aliacha dawa. Baba akamwambia yote ya kumuse, kwa ule mdomo wake wa upande mmoja. Daktari akasema, "Mzee, siku ya matanga kidonge cha maji utakinywa ukisharudi nyumbani. Basi." Basi! Dakika moja. Mwaka mzima tumepigana na hakuna aliyemwuliza mtu mwenye kujua.

Siku hizi tunampima kila siku, na jana Jumamosi nilikuwa na jipu kidoleni, nikashindwa kufunga ule mkanda wa mashine. Jentrix alikuwa mlangoni, ameinamisha kichwa kama kawaida yake mbele ya mkwe. Baba akamtazama. Akauinua mkono wa kulia kwa kuusaidia na wa kushoto, akaunyosha kuelekea mlangoni. "Nyumba hii imeshaona aibu zangu zote," akasema. "Njoo, mwanangu. Funga." Jentrix alinitazama mimi kwanza. Kisha akaingia, akapiga magoti, akamfunga. Baba alikuwa anatazama ukuta. 142 kwa 86.

Vidonge anavimeza mwenyewe, mbele yetu, na hufungua mdomo kutuonyesha. Nimesema si lazima. Yeye anasema ni lazima.

Unga wako wa wimbi umefika. Nimeufungua mimi, nikauchekecha wote kwenye ungo kabla haujaingia jikoni. Usikasirike. Kikombe cha bluu bado nakibeba mimi kila asubuhi. Lakini siku hizi naonja kwanza.

Ndugu yako,
Hesbon